Kilabu cha mbege kijijini kwetu Rombo: jengo la Mjerumani, la Mangi (chifu) au la ushirika?

#1 Kihamba Tupu
Wakuu salaam. Kijijini kwetu, Rombo, kuna jengo la kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ambalo serikali ya kijiji inataka kulibomoa ijenge fremu za maduka. Krismasi hii nimekuta wazee wamegawanyika vibaya. Mimi niko na wale wanaosema ni jengo la Mjerumani na haliguswi. Angalieni wenyewe: kuta za mawe nene ajabu. Madirisha madogo, yako juu karibu na dari, yana nondo. Mlango wa mbele wa mbao nzito, mbawa mbili, unapita mkokoteni. Sakafu imenyanyuliwa, unapanda ngazi. Na katikati ya boriti kuna ndoano ya chuma nene kama kidole gumba cha mwanamume. Wazee wanasema ilikuwa ya kunyongea watu. Babu alilikuta jengo lipo. Mwenye kujua historia ya majengo ya aina hii atupe darasa.

#2 Mnazi Mkavu
Kila nyumba yenye ukuta mnene nchi hii ni ya Mjerumani. Jamaa kafika Kilimanjaro miaka ya 1890, kafurushwa 1916, katikati hapo kapigana vita, kajenga reli hadi Moshi, kafyeka mashamba. Na bado alipata muda wa kuwajengea Warombo kilabu?

#3 Pilipili Kichaa
Uzi bila picha ni hadithi za abunuwasi. Natia kambi hapa.

#4 Bwana Bati
Mkuu Kihamba, mimi ni fundi. Kabla ya historia nijibu mambo mawili. Mawe yameshikwa na nini, udongo, chokaa au saruji? Na bati zina muhuri gani kwa ndani? Ingia na tochi, angalia upande usiopigwa jua.

#5 Kihamba Tupu
Bwana Bati, nimempigia mdogo wangu kaenda sasa hivi. Bati zina muhuri wa ALAF. Mawe ya chini yameshikwa na udongo, kuanzia usawa wa kiuno ni saruji. Pilipili, picha zitakuja, mtandao wa huko unaujua.

#6 Bwana Bati
ALAF ni kiwanda cha bati, wameanza Dar mwaka 1960. Kwa hiyo paa ni la baada ya hapo, Mjerumani kwenye paa hayumo. Lakini paa hubadilishwa, usilitumie kuhukumu ukuta. Udongo chini na saruji juu maana yake ni ama jengo lilianguka likainuliwa upya, ama walianza bila hela wakamaliza wakiwa nazo. Huo mchezo wa pili nimeuona kwenye majengo mengi ya kujengwa kwa michango.

#7 Karani wa Zamani
Shikamooni wote. Niliwahi kufanya kazi ya ukarani wa chama cha msingi cha ushirika, upande wa Vunjo. Bila hata picha nawaambia, hilo ni ghala la kahawa.

Chukueni sifa moja moja. Sakafu imenyanyuliwa ili unyevu usipande kwenye magunia, na lori likirudi kinyumenyume kitako chake kilingane na mlango. Mlango ni mpana kwa sababu ya magunia. Madirisha ya juu yenye nondo ni ya hewa, mwizi asifike. Ndoano kwenye boriti ni ya mizani ya kuning'iniza. Mkulima anakoboa kahawa yake nyumbani kwa mashine ya mkono, anaivundika, anaiosha, anaianika, analeta ikiwa na ganda lake la ndani. Karani anaitundika pale, anasoma kilo, anaandika kitabuni. Mwisho wa safari inakwenda kiwandani Moshi, kisha mnadani.

Wachagga walianza chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikaja 1933. Vyama vya msingi vilisambaa mlima mzima, Rombo ikiwemo. Ghala lenu linaweza kuwa la wakati wowote kati ya hapo na uhuru. Babu yako kulikuta si ajabu, na Mjerumani hahitajiki.

#8 Mtoto wa Tarakea
Karani heshima yako, ila hiyo ndoano naijua. Vilabu vyetu vyote bucha iko mlangoni. Mbuzi anachunwa pale pale, kisusio, supu ya damu, kinachemka, mbege inashuka. Ndoano ya kutundikia mbuzi hiyo.

#9 Karani wa Zamani
Tarakea, mbuzi hutundikwa nje. Utamchunia mbuzi katikati ya ukumbi, damu iwamwagikie wanywaji?

#10 Mtoto wa Tarakea
Kwa wanywaji ninaowajua mimi, wangeona ni nyongeza ya kisusio.

#11 Kalamu Nyekundu
Kuhusu kunyongea: Mangi Meli wa Old Moshi na wenzake walinyongwa tarehe 2 Machi 1900 hadharani, mtini, na mti wenyewe watu wanaonyeshwa mpaka leo. Mjerumani alitaka waonekane. Asingejificha ndani ya chumba chenye madirisha ya kupitisha paka.

Pili, naleta hoja nyingine. Karani ameitafsiri kila sifa kwa kahawa, lakini jengo la mawe lenye sakafu ya juu na nondo madirishani linaweza kabisa kuwa baraza la Mangi. Tangu Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, machifu walikuwa na mahakama, hazina, makarani na mahabusu. Na sheria hiyo hiyo iliwapa mamlaka ya kutoa amri kuhusu utengenezaji na uuzaji wa pombe. Njaa ikibisha hodi wangeweza kuzuia watu kupikia pombe nafaka. Nyakati za kawaida pombe ilikuwa chanzo cha mapato. Kwa hiyo kilabu kukaa jirani na baraza halikuwa jambo la bahati. Uchifu ulifutwa mwaka 1963 na mahakama za mwanzo zikachukua nafasi, mabaraza kadhaa yakabaki tupu. Kihamba, jengo liko umbali gani na mahakama ya mwanzo?

#12 Kihamba Tupu
Kalamu, mahakama ya mwanzo iko mbali, kata nyingine. Lakini mbele ya kilabu kuna uwanja, mti mkubwa na masale, mmea wetu wa suluhu, yamepandwa mstari. Wazee wetu walikuwa wanasuluhishia hapo.

#13 Kalamu Nyekundu
Umenipa ushindi bila kujua.

#14 Karani wa Zamani
Masale yako kila mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, kuanzia Siha mpaka Tarakea. Ushindi rudisha.

#15 Mama Kimea
Mnabishana kuhusu mawe, hakuna aliyewauliza waliokuwa wanauza humo ndani. Mama yangu aliuza mbege kwenye kilabu cha aina hiyo, sio hicho, cha Kibosho. Ngoja niwaeleze kinavyofanya kazi ndipo mjue jengo linataka nini.

Ndizi mbivu zinachemshwa nyumbani kutwa nzima mpaka ziwe nyekundu, zinawekwa zichache siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyalu. Kimea cha ulezi kinasagwa na kupikwa uji mzito, nyalu inachujwa kwa maji, vinachanganywa, kesho yake mbege iko tayari. Uchungu ni wa msesewe, gome linachemshwa pembeni. Kilabuni unaleta pipa limeiva, na una siku hiyo tu. Ikilala imekuwa chachu, unawapa nguruwe. Ndiyo maana kulikuwa na zamu: leo fulani, kesho fulani, asiwepo wa kumharibia mwenzake. Mtunza zamu alikuwa mama mmoja mkali, hata mwenyekiti wa kijiji alimwogopa.

Kwa hiyo kilabu kinataka maji karibu, kivuli, sakafu ya kumwagia maji, na ukuta. Ukuta ni daftari! Mama alikuwa na pembe yake nyuma ya mlango, anachora mistari ya mkaa, kila mnywaji na alama yake. Mmoja alikuwa jembe, mwingine kofia, mwalimu alikuwa na miwani. Msimu wa kahawa malipo yakitoka, anasimama pale na kitambaa kibichi, ukilipa anakufutia mbele ya watu. Mwaka walipoamua kupiga chokaa ukuta bila kuwaambia akina mama, ilikuwa kama wamechoma benki. Kuna watu walikunywa siku hiyo kwa furaha.

Kihamba, mwambie mdogo wako akwangue chokaa nyuma ya mlango.

#16 Pilipili Kichaa
Mwalimu alama yake miwani, nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#17 Jirani wa Loitokitok
Hamjambo. Mimi niko upande wa Kenya, hapo ng'ambo tu. Kwetu vilabu vya busaa, pombe ya nafaka, vilikuwa na leseni na majengo yao kabisa, halafu Moi alipoingia madarakani 1978 haikuchukua muda vikafungwa, na 1980 ikaja sheria ya kuharamisha chang'aa, gongo yenu. Iliondolewa 2010 kwa ile tunayoita Sheria ya Mututho. Majengo mengi yalishageuka makanisa na posho mill. Ninyi bado mna kilabu na mnataka kukibomoa wenyewe?

#18 Mnazi Mkavu
Jirani, huku gongo ndiyo haramu, mbege haina kesi. Tena Warombo wengi wamekunywa kwenu na wenzenu wamekunywa kwetu, mpaka haujawahi kuwa na habari na mbege.

#19 Duka Kongwe
Mmesahau kuwa Rombo kulikuwa na maduka ya Wahindi. Mlango mpana mbawa mbili, nondo, sakafu ya juu yenye ngazi mbele, hilo ni duka la Mhindi. Serikali ilipotaifisha majengo 1971 akaondoka, kijiji kikapewa.

#20 Kalamu Nyekundu
Sheria ya 1971 iligusa majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Duka la kijijini Rombo kwa bei za wakati ule lisingefika hapo. Ukitaka kumwondoa Mhindi wako tumia Operesheni Maduka ya 1976, maduka binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yachukue nafasi.

#21 Duka Kongwe
Haya, 1976 basi. Mhindi wangu yuko pale pale, nimembadilishia tarehe ya basi tu. Na ndoano ni ya mizani ya sukari na maharage.

#22 Karani wa Zamani
Afadhali 1976 imetajwa, kwa sababu huo ndio mwaka wenyewe. Sikilizeni. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikifanya kijiji kilichoandikishwa kifanye kazi za ushirika wa msingi. Mwaka uliofuata vyama vikuu vikavunjwa, KNCU ikiwemo, kahawa ikahamia kwa Mamlaka ya Kahawa. Ghala, mizani, meza, makabati, vyote vikabaki mikononi mwa serikali ya kijiji. Kijiji kina jengo zuri la mawe na hakina fedha. Nani analipa fedha taslimu kila jioni? Mnywaji. Unakusanya ushuru wa kila pipa, mgambo anakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Nimeona kwa macho yangu ghala likigeuzwa kilabu, na mizani ikaachwa humo humo, vijana wakawa wanapimana uzito baada ya kata (kibuyu cha kunywea) ya tatu.

Halafu 1984 ushirika ukarudi. Wanachama wakaja kudai ghala lao, kijiji kikasema jengo ni la kijiji. Kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi, nyingine ziliisha kwa kugawana: msimu wa kahawa ni ghala, kiangazi ni kilabu.

#23 Mzee wa Mifongo
Karani kasema kweli ila kaiacha Rombo. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Na ni wakati ule ule bei ya kahawa duniani ilipaa baada ya baridi kali kuchoma mibuni ya Brazil 1975. Huku unauza kwa Mamlaka na unasubiri malipo, ng'ambo unalipwa siku hiyo. Mnategemea nini? Kahawa ilitembea usiku, ikarudi sabuni, mafuta ya kupikia, betri na viatu. Kilabu chenye kuta nene, mlango wa nyuma na watu wanaoingia na kutoka hadi usiku bila kuulizwa, sitaki kusema zaidi. Kihamba, kina mlango wa nyuma?

#24 Kihamba Tupu
Kina. Ni mdogo na umezibwa kwa tofali za kuchoma, unajulikana kwa rangi tu. Unatazama migombani.

#25 Mzee wa Mifongo
Ulizibwa lini? Kama ni 1983, msako wa wahujumu uchumi wa Sokoine, basi siri yake naijua.

#26 Mama Kimea
Au ulizibwa kwa sababu walevi walikuwa wanatokea huko bila kulipa. Sio kila mlango una siasa jamani.

#27 Chuma Chakavu
Wakuu naombeni namba ya mleta uzi faragha. Majengo ya Mjerumani yenye ndoano huwa na kitu chini. Rupia, na wakati mwingine zebaki. Nina mashine ya kupimia.

#28 Mnazi Mkavu
Nilijua atafika. Alichelewa tu kwa sababu alikuwa anachimba kaburi la mtu mahali.

#29 Bwana Bati
Chuma Chakavu, ukichimba chini ya msingi wa mawe yaliyoshikwa na udongo utaipata rupia ikiwa pamoja na paa kichwani.

#30 Mseminari
Mimi nakumbuka kilabu cha kwetu, Mashati, Jumapili asubuhi jumuiya ilisali uwanjani pake, mchana ukumbi unafunguliwa, jioni padre anapita anatukuta tumekaa pale pale. Katekista wetu alisema jengo lilianza kama shule ya misheni. Kwa hiyo ongezeni na hiyo.

#31 Pilipili Kichaa
Ghala, baraza, duka, shule, bucha, mnyongeo. Bado zahanati na uwanja wa ndege.

#32 Kihamba Tupu
Mdogo wangu karudi na mambo mapya. Kwanza, juu ya mlango mkuu kuna mstatili ambapo lipu ni laini kuliko kwingine, na matundu manne ya boliti kwenye pembe. Kulikuwa na kibao, kikang'olewa. Pili, Mama Kimea, kakwangua nyuma ya mlango. Chini ya chokaa kuna mistari kweli! Mafungu mafungu, na alama za baiskeli, jogoo na kitu kinachofanana na ndoo. Tatu, kwenye nguzo ya ndani kuna tarakimu zimechongwa kwa msumari, zinasomeka 61 au 67. Ya mwisho ina mkwaruzo.

#33 Karani wa Zamani
Kibao cha boliti nne ni cha chama cha msingi. Na kama ni 61, uhuru ulikuta ghala limesimama.

#34 Kalamu Nyekundu
Mahakama nazo ziliweka vibao, Karani. Kama ni 67, mwaka wa Azimio la Arusha, kila kijana mwenye msumari alichonga.

#35 Duka Kongwe
Na duka la Mhindi halikuwa na kibao?

#36 Mama Kimea
Jogoo! Huyo mwenye jogoo alikuwa hamalizi deni, mistari yake ni mingapi?

#37 Kihamba Tupu
Mdogo wangu anasema ya jogoo ndiyo mirefu kuliko yote, inashuka hadi karibu na sakafu.

#38 Msomi wa Makumbusho
Nimesoma kimya toka mwanzo. Kihamba, nakuonya kuhusu hoja yako ya Mjerumani, maana haikusaidii hata ikiwa kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mjerumani hakuwa amefika. La baada ya hapo linahitaji Waziri alitangaze rasmi, na kilabu cha mbege hakiko mbele kwenye foleni. Kwa hiyo umri hautaliokoa jengo. Swali lenye nguvu ni la Karani: mwenyewe nani? Kama ni mali ya chama cha msingi na 1976 kijiji kilikabidhiwa tu, basi mkutano wa kijiji hauwezi kulivunja bila wanachama. Kama lilijengwa kwa nguvukazi na michango ya kijiji, wana haki ya kuamua wanavyotaka.

#39 Mseminari
Na kama ni la misheni, tupo.

#40 Bujibuji Rombo
Mimi ni wa kijiji jirani, hilo jengo nalijua. Tuseme ukweli, nani anakwenda tena? Wazee saba na mbwa. Vijana walihamia kwenye viroba vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017 wakahamia kwenye chupa ndogo. Fremu zitatoa kodi, kilabu kinatoa kelele.

#41 Mzee wa Mifongo
Viroba vilikuta kilabu kinaumwa. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mkataba wa dunia wa mgawo wa mauzo kuvunjika 1989, watu wakang'oa mibuni. Hela ya msimu haipo, mistari ya mkaa italipwa na nani?

#42 Mama Kimea
Na ulezi. Zamani ulilimwa huku huku chini, kwa maji ya mifongo, mifereji yetu. Siku hizi unatoka mbali kwa lori. Piga hesabu ya ulezi, kuni na siku nne za kazi, uuze kata kwa bei ambayo mzee anaweza kulipa. Mabinti zangu wamesema wazi, hawapiki. Siwalaumu.

#43 Jirani wa Loitokitok
Huku kwetu bia ya chupa ndiyo iliua, mnywaji aliona aibu kuonekana na kata.

#44 Bujibuji Rombo
Aibu ya kata inaisha Desemba. Mabwana wa Dar wakishuka na magari yao, wote wanataka picha wameshika kata. Januari hawapo.

#45 Kihamba Tupu
Bujibuji, hiyo imenigusa, na picha ninayo hahaha. Msomi asante, hoja ya mwenye mali naipeleka. Mkutano wa kijiji ni mwezi ujao. Karani, nianzie wapi?

#46 Karani wa Zamani
Nenda ofisi ya ushirika wilayani, Mkuu, ulizia faili la chama chenu na orodha ya mali wakati wa kurudishwa 1984. Usiulize habari za kilabu, watacheka. Sema ghala. Ukikuta mizani imeandikwa kwenye orodha, tafuta na mahali ilipokuwa imetundikwa.

#47 Kalamu Nyekundu
Ukiwa hapo Mkuu pitia na kumbukumbu za mahakama. Usiende na dhana moja kichwani.

#48 Mtoto wa Tarakea
Na upime ndoano. Ya mbuzi ina ncha kali, ya mizani ni butu.

#49 Bwana Bati
Hapo Tarakea kaongea la maana. Ila miaka yote hiyo ndoano inalika, ncha kali inaweza kuwa butu. Piga picha ya karibu, weka na kiberiti pembeni tuone ukubwa.

#50 Chuma Chakavu
Mimi Jumamosi nitakuwa Himo. Nauliza tu, huo mlango wa nyuma uliozibwa, ukigonga unatoa sauti gani?